Kompyuta ya nyumbani ni ya nini? Kutoka fomula ya kwanza hadi programu ya kujiandikia

Mwenye simu nzuri ana haki ya kuuliza kompyuta nyumbani ni ya nini. Ujumbe, video, ramani, habari na huduma za benki vyote viko kiganjani, na kwa mengi kati ya hayo simu inaishinda kompyuta kwa mbali. Jibu lililozoeleka ni kwamba kompyuta ina kibodi na skrini kubwa. Ni kweli, lakini halifiki kwenye kiini cha jambo. Kwenye simu unachagua kati ya kazi ambazo mtengenezaji wa programu alikwisha kuzipanga. Kwenye kompyuta unaweza kuiagiza mashine kazi ambayo hakuna aliyeifikiria kabla yako, kwa kuwa ni kazi ya nyumba yako peke yake: kuona mkopo huu utagharimu kiasi gani hasa, kupanga picha elfu kumi zilizorundikana bila mpangilio, kujua bili ya umeme ilianza kupanda mwezi gani.

Wengi hudhani kuna ukuta kati ya kutumia kompyuta na kuiprogramu, upande mmoja watu wa kawaida, upande wa pili wataalamu. Ukuta huo haupo. Anayeandika fomula ya kujumlisha safu ya matumizi amekwisha kuandika programu: ameipa mashine agizo ambalo itaendelea kulitekeleza kila namba zinapobadilika. Yaliyobaki ni kiasi tu cha kina anachotaka kuingia.

Mashine zenyewe zilianza hivyo. Mwaka 1977 ziliingia sokoni kompyuta tatu ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua zikiwa zimekwisha kuunganishwa: Apple II, Commodore PET na TRS-80. Commodore 64 ilifuata mwaka 1982. Ukiiwasha, haikukuonyesha picha za kubonyeza. Ilikuandikia neno READY, chini yake kialama kikapepesa, ikasubiri uandike amri kwa BASIC, lugha iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Nafasi iliyobaki kwa programu yako ilikuwa baiti 38,911. Picha moja ya simu ya leo yenye megabaiti 4 ni zaidi ya mara mia ya hapo. Magazeti ya wakati huo yalichapisha programu nzima, ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji alizichapa mwenyewe kwa kibodi. Tarakimu moja ikikosewa, mchezo uliganda. Kulitafuta kosa hilo ndiko kulikowafundisha wengi.

Programu iliyowafanya wafanyabiashara wadogo wazitazame mashine hizi kwa jicho jingine ilikuwa VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II. Kabla yake, kubadilisha namba moja kwenye makadirio yaliyoandikwa kwa mkono kulimaanisha kufuta na kukokotoa upya kila jumla iliyoitegemea. VisiCalc ilifanya hivyo yenyewe. Kizazi chake ni lahajedwali tunazotumia leo, yaani programu za majedwali yanayojikokotoa kwa fomula, Excel, LibreOffice Calc na nyinginezo, na hapo ndipo mtu asiye mtaalamu anapofaa kuanzia.

Lahajedwali: programu isiyojiita programu

Anza na matumizi ya nyumbani. Kosa la wanaoanza ni kutengeneza jedwali la kupendeza, miezi ikienda kulia, aina za matumizi zikishuka chini, na kila seli ina jumla iliyokwisha kukokotolewa kichwani. Jedwali hilo ni zuri kwa macho lakini halijibu maswali. Weka safu nne tu: tarehe, maelezo, aina, kiasi. Kila malipo yapate mstari wake, hata yakiwa madogo. Kisha, pembeni, andika:

=SUMIF(C2:C500,"umeme",D2:D500)

Fomula hii inapita kwenye safu C ikitafuta neno umeme, na kila inapolipata inachukua kiasi kilicho mstari huohuo kwenye safu D na kukijumlisha. Kwenye kompyuta zilizopangwa kwa desturi za nchi zinazotenganisha desimali kwa mkato, sehemu za fomula hutenganishwa kwa nukta-mkato badala ya mkato, kwa hiyo fomula uliyonakili mahali ikikataliwa, angalia hilo kwanza.

Ukipata jumla ndogo kuliko ulivyotarajia, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni neno lililoandikwa tofauti: "umeme" na "umeme " lenye nafasi mwishoni ni maneno mawili kwa mashine, ingawa jicho halioni tofauti. Ya pili ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi, jambo linalotokea sana ukinakili taarifa kutoka benki au kwenye ukurasa wa intaneti. Dalili yake ni kwamba namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto. Fomula za kujumlisha, SUM na SUMIF, huziruka namba hizo za kushoto bila kusema lolote, na huko kunyamaza ndiko kubaya. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyohiyo, ila linalonyamaza linaweza kukaa miaka.

Jumla ikiwa kubwa mno, chunguza kama mstari wa jumla wenyewe umeingia ndani ya eneo linalojumlishwa. Ukiona alama ##### hakuna kilichoharibika, safu ni nyembamba tu, ipanue. Ukiona #REF! umefuta seli ambayo fomula ilikuwa ikiitegemea. Bonyeza Ctrl na Z mara moja, kabla hujaendelea.

Sasa mfano unaoonyesha kwa nini kazi hii inastahili muda wa mtu. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12. Maneno "asilimia 12" yanaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa. Ikiwa riba inatozwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, malipo ya kila mwezi hupatikana hivi:

=PMT(12%/12,12,-1000000)

Ndani ya mabano kuna riba ya mwezi mmoja, idadi ya malipo na kiasi cha mkopo. Jibu ni 88,849 kwa kukadiria, na riba yote kwa mwaka ni kama 66,185. Ikiwa riba inatozwa kwenye deni la mwanzo hadi mwisho, bila kujali ulichokwisha kulipa, riba ni 120,000 na kila mwezi unalipa 93,333. Riba ya pili ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na tangazo lingeweza kuandika asilimia ileile. Ili kuujua uzito wa mkopo wa aina ya pili, uliza lahajedwali swali la kinyume:

=RATE(12,-93333,1000000)*12

Itakujibu takriban asilimia 21.5. Hiyo ndiyo riba ya salio linalopungua inayolingana na mkopo huo. Mtu mwenye fomula hizi mbili anaweza kulinganisha ofa yoyote ya mkopo aliyopewa kwa dakika mbili, mradi ajue idadi ya malipo, kiasi cha kila lipo na fedha atakayopokea mkononi. Kama kuna ada inayokatwa mwanzoni, weka kiasi unachopokea baada ya makato mahali pa 1000000, na utaiona riba ikipanda.

Anayetaka kuelewa zaidi ajenge jedwali la mwezi kwa mwezi. Weka riba ya mwaka, yaani 12%, kwenye seli F1. Safu A iwe salio la mwanzo wa mwezi, B riba, C malipo, D salio jipya. Mstari wa kwanza: A2 ni 1000000, B2 ni =A2*$F$1/12, C2 ni 88849, D2 ni =A2+B2-C2. Mstari unaofuata, A3 ni =D2, na zilizobaki unaburuta kutoka juu. Alama za dola ndani ya $F$1 zinaiambia fomula isisogee ukiburuta. Ukizisahau, B3 itatafuta riba kwenye F2 ambayo ni tupu, riba itakuwa sifuri, na deni litaonekana kushuka kwa kasi ya kufurahisha na ya uongo. Zikiwa sawa, utaona mwezi wa kwanza riba ni 10,000 na deni linapungua kwa 78,849, mwezi wa pili riba ni 9,212, na kuendelea hadi salio la mwezi wa 12 lifike karibu na sifuri.

Lahajedwali ina tabia moja ambayo lazima uijue kabla ya kuiamini: inakisia. Ukiandika kitu kinachofanana na tarehe, inakifanya tarehe, na ndani yake tarehe ni namba ya siku tu. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri hiyo. Namba ndefu kupita tarakimu 15, kama za baadhi ya kadi, Excel inazigeuza tarakimu za mwisho kuwa sifuri. Dawa ni kuipa safu muundo wa maandishi kabla ya kuingiza data. Ukiubadilisha baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi. Tabia hii imewatesa hata wanasayansi: jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 ziligeuzwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadilisha yakawa MARCHF1 na SEPTIN1. Mwaka huohuo nchini Uingereza, matokeo 15,841 ya watu waliopatikana na korona yalichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu muundo wa zamani wa faili za Excel una mwisho wa mistari 65,536. Muundo wa sasa unafika 1,048,576. Nyumbani hutafika huko, lakini funzo la kuhesabu mistari iliyoingia na kuilinganisha na iliyotoka linafaa popote.

Ghala la nyumba

Matumizi ya pili kwa uzito ni kuhifadhi. Vyeti vilivyoskaniwa, mikataba, risiti, picha za familia, sauti za wazee zilizorekodiwa: simu inavipiga picha vizuri, lakini si mahali pa kuviacha. Simu hupotea, huanguka, huibiwa. Bahati mbaya diski ya kompyuta nayo hufa, tena bila kuaga. Utaratibu unaofanya kazi ni wa nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa vitendo: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje unayoichomeka ukinakili na kuichomoa ukimaliza, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mbali. Kuchomoa kuna sababu. Kirusi kinachofunga faili na kudai fidia hufunga pia kila diski inayokikuta imechomekwa.

Tofautisha nakala ya akiba na usawazishaji. Huduma inayosawazisha folda kati ya kompyuta na mtandao ina kazi ya kufanya pande zote zifanane. Ukifuta upande mmoja, inafuta na upande wa pili kwa utiifu kamili. Nyingi huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku kadhaa, na ukichelewa kugundua, vimekwenda.

Mambo mawili huwachanganya watu kwenye diski. Diski ya terabaiti 1 inasomeka gigabaiti 931 kwenye Windows kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa vipeo vya 10 na Windows inahesabu kwa vipeo vya 2. Hujaibiwa. La pili ni flashi yenye nafasi tele inayokataa video moja, ikisema faili ni kubwa mno. Flashi hiyo imepangwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili inayofika gigabaiti 4. Ipange upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kuipanga upya kunafuta kila kilichomo.

Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha usiitegemee bado. Chagua faili moja, irudishe kwenye folda tofauti, ifungue. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Kuna matumizi mengine mengi ambayo hayahitaji maelezo marefu: kuandika barua na wasifu wa kazi, kusoma kozi, kuhariri video, kurekodi muziki, michezo, kuchora ukoo. Yote yana programu zake za bure zinazotosha: LibreOffice kwa nyaraka, GIMP kwa picha, Audacity kwa sauti, Kdenlive kwa video. Anayehariri video aangalie RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na nafasi ya diski kabla ya kitu kingine. Anayeandika tu, kompyuta yoyote itamfaa.

Kujiandikia programu

Kila lahajedwali ina mwisho wake. Ukijikuta unarudia hatua zilezile ishirini kila mwezi, au kazi inahusu faili zenyewe badala ya namba zilizomo, ndipo lugha ya programu inapoingia. Kwa mtu mzima anayeanza nyumbani, pendekezo letu ni Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Maneno yake ni machache, na kazi nyingi za nyumbani zimekwisha kuandaliwa ndani yake. Kwa mtoto wa miaka minane au zaidi, Scratch, iliyotolewa kwa umma na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inafaa zaidi: amri ni vipande vya rangi vinavyoburutwa na kuunganishwa, kwa hiyo hakuna tahajia ya kukosea.

Kwenye Windows, pakua Python kutoka tovuti yake rasmi, na kama dirisha la kusakinisha lina kisanduku kinachotaja PATH, kiwekee tiki. Ukikiruka, mashine inaweza kukuambia baadaye kwamba haiijui amri ya python. Kwenye Linux na Mac amri huwa python3. Programu yenyewe ni faili ya maandishi matupu yenye jina linaloishia na .py. Ukitumia Notepad, hakikisha haikuongezea .txt mwishoni, kwa kuwa Windows huficha viambishi vya majina ya faili na utaona "panga.py" wakati jina halisi ni "panga.py.txt". Fungua mipangilio ya folda, ruhusu viambishi vionekane, na tatizo hilo halitakusumbua tena.

Hii hapa programu ya kupanga picha katika folda za mwaka na mwezi:

```
from pathlib import Path
from datetime import datetime
import shutil

chanzo = Path("picha")

for faili in chanzo.iterdir():
    if faili.suffix.lower() != ".jpg":
        continue
    tarehe = datetime.fromtimestamp(faili.stat().st_mtime)
    lengo = Path("zilizopangwa") / tarehe.strftime("%Y-%m")
    lengo.mkdir(parents=True, exist_ok=True)
    mpya = lengo / faili.name
    if mpya.exists():
        print("Ipo tayari:", faili.name)
    else:
        shutil.copy2(faili, mpya)
```

Mistari mitatu ya juu inaleta zana. Mstari wa for unachukua kila kilichomo kwenye folda ya picha, kimoja baada ya kingine. Kama hakiishii na .jpg kinarukwa. Kisha inasomwa tarehe faili ilipobadilishwa mara ya mwisho, inatengenezwa folda kama 2023-08, na picha inanakiliwa humo. Iweke programu hii kando ya folda ya picha, fungua dirisha la amri mahali hapohapo, andika python panga.py. Ukiiendesha kutoka folda nyingine, itasema haikuipata folda ya picha, kwa kuwa jina "picha" linatafutwa pale ulipo wewe, si pale programu ilipo.

Karibu kila neno kwenye programu hii lipo kwa sababu kuna kitu huharibika lisipokuwepo. Bila lower(), picha za kamera zinazoandika .JPG kwa herufi kubwa zingerukwa zote. Bila exist_ok=True, programu ingesimama kwenye picha ya pili ya mwezi uleule, ikilalamika kwamba folda ipo tayari. Sharti la mpya.exists() ni muhimu kuliko yote: kamera nyingi zikifika picha ya 9999 huanza upya kuhesabu, kwa hiyo IMG_0001 mbili tofauti ni jambo la kawaida, na copy2 ingeandika ya pili juu ya ya kwanza kimyakimya. Na copy2 imechaguliwa badala ya copy kwa sababu inahifadhi tarehe ya faili. Ukitumia copy, nakala zote zitakuwa na tarehe ya leo.

Programu inanakili, haihamishi. Hilo ni la makusudi. Programu yoyote inayogusa faili zako ijaribiwe kwanza kwenye folda ndogo ya nakala kumi, na ikishapita hapo, bado inakili kwanza. Kufuta asili ni kazi ya mkono, baada ya kukagua kwa macho.

Ina udhaifu mmoja unaofaa kuujua. Picha iliyotumwa kwa programu ya ujumbe hubeba tarehe ya kupokelewa, si ya kupigwa. Tarehe ya kupigwa, ikiwepo, imeandikwa ndani ya picha yenyewe katika taarifa ziitwazo EXIF, na kuisoma kunahitaji maktaba ya ziada kama Pillow. Programu nyingi za ujumbe huzifuta taarifa hizo zinapotuma, kwa hiyo kwa picha hizo tarehe ya kupokelewa ndiyo pekee iliyobaki.

Makosa ya mwanzo karibu yanafanana kwa watu wote. Python hutumia nafasi za mwanzo wa mstari kujua nini kiko ndani ya nini. Mstari ukiwa na nafasi tatu wakati wenzake wa kundi lilelile wana nne, programu haianzi. Ukimwomba mtu namba kwa input(), unachopata ni maandishi, kwa hiyo "5" na "5" zikijumlishwa zinakuwa "55", mpaka uzipitishe kwenye int() au float(). Ukiita faili yako random.py halafu uhitaji zana iitwayo random, Python itaichukua faili yako badala ya zana, na ujumbe wa kosa utakaopata huenda usiitaje sababu hiyo. Na kwenye fedha, ukiandika 0.1 + 0.2 utajibiwa 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika: huhesabu kwa vipeo vya 2, na sehemu moja ya kumi haina mwisho katika hesabu hiyo, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Hesabu fedha kwa sarafu ndogo kabisa, kwa namba nzima, ugawanye kwa mia wakati wa kuonyesha tu.

Ujumbe wa kosa la Python usomwe kutoka chini. Mstari wa mwisho unataja kosa, mistari ya juu yake inataja faili na namba ya mstari. Kama mstari uliotajwa unaonekana sawa, tazama uliotangulia. Kwenye matoleo ya zamani ya Python, mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa mara nyingi hulaumiwa mstari mmoja chini ya pale yalipo.

Siku hizi programu za akili mnemba zinaweza kukuandikia msimbo kama huu kwa sekunde. Zitumie, lakini usiendeshe mstari usioweza kueleza unafanya nini, hasa wenye maneno remove, unlink, rmtree au move. Uliza mstari mmoja mmoja maana yake. Kwa njia hiyo msaada unakuwa pia somo.

Wanaopenda kuona kitu kikisogea nje ya skrini wana Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyotoka mwaka 2012. Matoleo mengi ya sasa yana pini 40 za kuunganisha taa, vipima joto na swichi, na zinaongozwa kwa Python ileile. Kanuni mbili zinaokoa bodi nyingi. Pini za mawasiliano ni za volti 3.3, kwa hiyo kifaa kinachorudisha volti 5 moja kwa moja kinaweza kuiua pini au bodi nzima. Na taa ndogo ya LED iunganishwe kupitia kipingamkondo, omu 330 inatosha. Usizime bodi kwa kuchomoa waya: ikikatika wakati inaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na mfumo usiwake tena. Toa amri sudo shutdown -h now, subiri taa ya shughuli itulie, ndipo uchomoe.

Mashine gani inatosha

Kwa yote yaliyotajwa hapa, ukiacha video na michezo mizito, kompyuta ya miaka kumi iliyopita inatosha ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka. Kompyuta ya zamani inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi ina diski ya kuzunguka. Kuibadilisha kwa SSD huleta nafuu kubwa kuliko prosesa mpya. Kabla ya kununua, hakikisha aina ya SSD inayoingia, ya SATA ya inchi 2.5 au ya M.2, na kama ni M.2, angalia kama ubao mkuu wa kompyuta unapokea NVMe au SATA pekee, ambazo ni njia mbili tofauti za mawasiliano, maana zinaweza kuingia kwenye tundu lilelile na moja isisomeke.

Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzuri hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hizo, Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi ya bure, ni njia ya kweli. Andika faili ya mfumo kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama balenaEtcher au Rufus, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kujaribu bila kusakinisha. Katika hali hiyo diski yako haiguswi. Jaribu mtandao usiotumia waya, sauti, kamera, printa, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Kinachokataa hapo huenda kikakataa pia baada ya kusakinisha, na ni heri ukijue kabla hujabonyeza kitufe cha kusakinisha.